Kusawazisha Pikapu Bila Kuipunguzia Uwezo wa Kuvuta Trela

Pikapu mpya ikiegeshwa tupu mahali tambarare, upande wake wa nyuma huonekana uko juu kuliko wa mbele kwa sentimita kadhaa. Wamiliki wengi hawapendezwi na mwonekano huo, na wengine wana sababu ya msingi zaidi: wanataka nafasi kubwa chini ya bampa la mbele kwa ajili ya barabara mbovu, au nafasi ya tairi kubwa kidogo. Kabla ya kuubadilisha mwinamo huo ni lazima ieleweke kwamba umewekwa makusudi. Springi za nyuma zimekadiriwa kushuka gari linapobeba mzigo au linapofungwa trela, na sentimita zile za ziada ndizo zinazoliwezesha gari kukaa sawa likiwa kazini. Anayeziondoa bila mpango hupata gari linalopendeza likiwa tupu na linalokaa kitako likiwa na trela, pua ikiwa juu, usukani ukiwa mwepesi, na taa zikiwamulika usoni madereva wanaokuja.

Kazi hii ya kusawazisha, yaani kuupunguza mwinamo huo, inaweza kufanywa vizuri kwa masharti matatu. Nyanyua mbele badala ya kushusha nyuma, nyanyua kidogo, na usiihesabu kazi kuwa imekamilika mpaka umepima gari likiwa limefungwa trela lenye mzigo wake wa kawaida.

Hatua ya 1: Ujue uzito kabla ya kugusa springi

Soma kibandiko cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi huwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, pamoja na kitabu cha gari. Andika uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari zima, kwa ekseli ya mbele na kwa ekseli ya nyuma, kisha uzito wa juu unaoruhusiwa kukaa juu ya tufe la kuvutia, yaani lile duara la chuma nyuma ya gari linalofungwa trela. Kiungio chenyewe, yaani chuma kinachounganisha gari na trela, huwa na kibandiko chake, na kikomo kinachofuatwa ni kile kidogo kuliko vyote. Hakuna springi, mfuko wa hewa wa kusaidia springi wala shokapu itakayoongeza namba hizi, kwa sababu zinategemea pia ekseli, fremu, breki, rimu na matairi.

Halafu peleka gari kwenye mizani, kwanza bila trela na kisha likiwa na trela, na kila mara upime ekseli moja moja. Hesabu yake ni rahisi. Chukua pikapu ambayo umbali kati ya ekseli zake mbili ni mita 3.1, na tufe la kuvutia liko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Trela la kilo 2,500 linaloweka asilimia 10 ya uzito wake juu ya tufe linabonyeza kwa kilo 250. Zidisha 250 kwa 1.2, gawanya kwa 3.1, utapata takriban kilo 97, na huo ndio uzito unaoondoka kwenye ekseli ya mbele. Ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 250 tu. Inabeba 250 pamoja na zile 97 zilizohama, yaani kilo 347. Zifikirie kilo 97 hizo vizuri, kwa sababu magurudumu ya mbele ndiyo yanayogeuza gari na ndiyo yanayobeba kazi kubwa ya breki.

Kwa matrela ya kawaida yanayovutwa kwa tufe, kiwango kinachopendekezwa na wengi ni uzito wa tufeni wa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela, mradi vikomo vya gari na vya kiungio visivukwe. Ukiupunguza mno ili nyuma isishuke, trela litaanza kuyumba huku na huku kwenye mwendo, na hiyo ni hatari kubwa kuliko gari lililokaa kitako.

Hatua ya 2: Chukua vipimo vya urefu

Egesha mahali tambarare kabisa. Jaza matairi upepo unaotakiwa, jaza tangi la mafuta, na uache ndani ya gari vitu vinavyosafiri nalo siku zote. Lisogeze mbele na nyuma mita chache ili springi zitulie, kisha uzime bila kuvuta breki ya mkono kwa nguvu, maana magurudumu yaliyofungwa huizuia suspensheni (springi, shokapu na vyuma vinavyoshikilia magurudumu) kukaa mahali pake.

Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa chini wa madigadi ulio wima juu yake. Wengi hupima kutoka ardhini, lakini kipimo hicho hubadilika tairi likiisha au likipungua upepo, na huwezi kukilinganisha na cha mwezi ujao. Pima magurudumu yote manne, kwa kuwa upande mmoja mara nyingi huwa chini kidogo. Kwa lengo moja tu, la kujua mwinamo wa gari zima, pima pia urefu wa fremu kutoka ardhini karibu na ekseli ya mbele na karibu na ekseli ya nyuma.

Rudia vipimo vyote trela likiwa limefungwa. Sasa una jedwali dogo lenye hali mbili, tupu na ikivuta, na ndilo litakaloamua unyanyue kiasi gani. Ikiwa gari linakaa sawasawa likiwa na trela, basi kila sentimita utakayoongeza mbele itageuka kuwa pua iliyonyanyuka, na utahitaji kuifidia katika hatua za mwisho. Ikiwa hata kwa trela bado nyuma iko juu, una nafasi ya kutosha.

Usilenge usawa kamili. Kama tofauti ni sentimita 5, kunyanyua mbele kwa sentimita 3 kunatosha: jicho halitaona mwinamo uliobaki, na nyuma itakuwa bado ina sentimita 2 za akiba. Kwa pikapu inayovuta mara kwa mara, mimi huichukulia sentimita 5 kuwa mpaka wa mwisho, na hata hapo ni kwa gari ambalo mikono ya juu ya suspensheni, yaani vyuma vinavyoliunganisha gurudumu na fremu, imebadilishwa pia.

Hatua ya 3: Chagua njia ya kunyanyua mbele

Ipo njia ya kushusha nyuma kwa kuondoa kipande cha chuma kilicho kati ya ekseli na springi za mabamba. Ni rahisi kwa fedha, lakini kwa gari linalovuta ni njia mbaya, kwa sababu inaipunguzia ekseli nafasi ya kupanda kabla ya kugonga mpira wa kikomo, yaani ule unaoizuia isigonge fremu. Nafasi hiyo ndiyo mzigo unayoihitaji. Iache nyuma kama ilivyo.

Kwa mbele, pikapu nyingi za siku hizi zina mikono miwili kila upande, shokapu ikiwa ndani ya springi ya duara. Njia ya kwanza ni kuweka spesa, yaani kipande cha kujazia nafasi, ya chuma au alumini juu ya shokapu. Zingatia kwamba shokapu haishiki kwenye mwisho wa mkono wa chini, bali karibu na katikati yake, hivyo spesa ya milimita 25 inaweza kuinyanyua sehemu ya mbele kwa karibu milimita 50. Watu wengi hununua spesa nene maradufu kwa kutolijua hili. Spesa haibadilishi ugumu wa springi, lakini inairefusha shokapu nzima: gurudumu likining'inia, mkono hushuka chini zaidi ya ilivyokusudiwa, boljointi (kiungo kati ya mkono na kitovu cha gurudumu) na viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele vikakaa katika pembe kali, na gurudumu likipanda sana, shokapu inaweza kufika mwisho wake kabla mpira wa kikomo haujagusa.

Njia ya pili, ambayo naiona bora kwa gari la kazi, ni kubadilisha springi au shokapu kamili kwa zilizotengenezwa kwa urefu huo, ambazo hulinyanyua gari bila kuongeza urefu wa shokapu iliyonyooka kabisa kupita kiasi salama. Gharama yake ni kubwa zaidi, lakini unapata pia shokapu mpya zinazoweza kutuliza gari lenye trela.

Pikapu zilizo na vyuma vya kusokotwa (fimbo ndefu zinazofanya kazi ya springi kwa kujisokota) badala ya springi za duara hunyanyuliwa kwa kukaza bolti za marekebisho. Hesabu mizunguko na ufanye sawa pande zote mbili, kisha pima. Kila mzunguko unaokaza unapunguza nafasi ya gurudumu kushuka, na gari lililokazwa mno hudundadunda kwenye matuta.

Hatua ya 4: Kuifunga spesa au shokapu mpya

Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Nati ya katikati iliyo juu ya shokapu ndiyo inayoizuia springi isifyatuke, na haifunguliwi kamwe bila kibanio maalumu cha springi na fundi anayekijua. Kazi ya spesa ya juu haihitaji kuifungua nati hiyo. Zile nati tatu ndogo zinazoizunguka ndizo zinazohusika.

Weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, legeza nati za gurudumu la mbele gari likiwa chini, kisha nyanyua kwa jeki na uegemeze fremu juu ya stendi imara. Jeki pekee si kitu cha kuingia chini yake. Toa gurudumu, weka jeki ndogo chini ya mkono wa chini ili kuubeba uzito wake, kisha fungua linki ya stebilaiza, yaani ya chuma kinachopunguza gari kulalia upande. Ondoa mpira wa breki (ule unaopitisha mafuta ya breki) na waya wa kihisi cha gurudumu kwenye vishikizo vyake, maana vikibaki vimefungwa vitavutwa na kukatika mkono utakaposhuka.

Legeza nati ya boljointi ya juu bila kuitoa kabisa, na uachanishe kiungo kwa kifaa chake au kwa kugonga ubavu wa chuma kinachoibeba. Nati ikiwa bado imeshika nyuzi chache, mkono hautaruka. Ukiitoa, mtu wa pili aushike mkusanyiko wa kitovu ili usilalie nje, kwa sababu ukiachwa uanguke unaweza kuuvuta na kuuachanisha ndani kiungo cha shafti, nawe hutajua mpaka utakaposikia kelele barabarani. Fungua nati tatu za juu na bolti ya chini, toa shokapu, weka spesa, na urudishe kila kitu.

Kuna jambo moja dogo linalosahaulika na ambalo huharibu kazi nzuri. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira, yaani zile za mikono na ya chini ya shokapu, zisikazwe kabisa gurudumu likiwa linaning'inia. Bushi hizo hujisokota mkono unapopanda na kushuka. Zikikazwa mkono ukiwa chini, zitaishi zimesokotwa siku zote, na zitapasuka mapema. Zifunge kwa mkono tu, rudisha gurudumu, shusha gari, litikise, kisha uzikaze kwa spana ya kupimia mkazo kwa kiwango kilichotajwa na mtengenezaji wa gari.

Pande zote mbili zikishakamilika, geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto, na uangalie kwa macho kama mpira wa breki una ulegevu wa kutosha, kama mkono wa juu haugusi springi, na kama tairi haligusi madigadi.

Hatua ya 5: Pembe za magurudumu, taa na kamera

Gari lililonyanyuliwa mbele limebadilika pembe zake zote, kwa hiyo peleka likapimwe siku hiyo hiyo. Mafundi wengi huangalia zaidi kama magurudumu yanaelekeana, kwa sababu hilo ndilo linalokula matairi. Kwa gari la kuvuta, mwombe fundi akuonyeshe pia kipimo cha kasta, yaani jinsi mhimili wa kugeukia gurudumu unavyolala kuelekea nyuma. Kunyanyua kwa spesa mara nyingi huipunguza kasta, na kasta ikipungua usukani hupoteza tabia ya kurudi wenyewe katikati. Likiwa tupu dereva huweza asihisi kitu. Likiwa na trela linalosukuma mkia, atajikuta anarekebisha usukani bila kupumzika. Ikiwa kasta haiwezi kurudishwa ndani ya kiwango kwa marekebisho ya kawaida, badilisha mikono ya juu kwa ile iliyotengenezwa kwa gari lililonyanyuliwa, au punguza kimo.

Taa kubwa zishushwe kulingana na kimo kipya. Na kama gari lina kamera au rada inayosaidia breki na kuliweka gari kwenye njia yake, angalia kitabu kinasema nini kuhusu kuzipima upya baada ya suspensheni kubadilishwa, kwa sababu kifaa kilichoinuliwa uso huona barabara tofauti.

Hatua ya 6: Kuisaidia nyuma

Pima tena likiwa na trela. Kwa vipimo vyetu vya awali, kunyanyua mbele sentimita 3 kumelishusha tufe kwa zaidi kidogo ya sentimita 1, kwani gari limezunguka juu ya ekseli ya nyuma. Badilisha mkono wa tufe kama inabidi ili trela likae sawa na ardhi, hasa lenye ekseli mbili, ambalo likiinama huielemea ekseli moja.

Nyuma ikishuka kupita kiasi kuna njia mbili za kuisaidia. Kuongeza bamba kwenye springi ni imara na hakuhitaji uangalizi, ila gari huwa gumu likiwa tupu na nyuma hupanda, jambo linalorudisha mwinamo uliokuwa unauondoa. Kwa sababu hiyo mifuko ya hewa inafaa zaidi hapa: likiwa tupu hubaki na upepo mdogo, mara nyingi kuanzia psi 5 kama mtengenezaji wake anavyoagiza, na likifungwa trela hujazwa kadiri inavyohitajika. Usiiache bila upepo kabisa, kwani hujikunja na kujisaga.

Hapa kuna tahadhari kwa pikapu, hasa za zamani kidogo, zilizo na vali ya breki inayosoma mzigo. Ni kifaa kilichoungwa kwa kijiti kati ya fremu na ekseli ya nyuma: nyuma ikishuka, vali huelewa kwamba kuna mzigo na kuruhusu nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Mifuko ya hewa au bamba la ziada likiizuia nyuma isishuke, vali hudhani gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu zinazostahili, wakati ekseli hiyo imebeba mzigo mkubwa. Lala chini uangalie kama gari lako lina kijiti hicho. Kama kipo, vali irekebishwe kwa utaratibu wa mtengenezaji kabla ya safari yoyote.

Hatua ya 7: Kuurudisha uzito mbele

Kosa linalorudiwa sana ni kuamini kwamba gari lililonyooka kwa mifuko ya hewa limerudi katika hali yake. Mifuko imenyanyua mkia tu. Zile kilo 97 zilizotoka mbele bado hazijarudi, na ukienda kwenye mizani utaziona zinakosekana. Kifaa kinachozirudisha ni kiungio cha kugawa uzito, chenye vyuma viwili virefu vinavyokazwa kati ya kichwa cha kiungio na fremu ya trela, vikauhamishia uzito ekseli ya mbele ya gari na ekseli za trela. Hakikisha kwanza kwamba mtengenezaji wa gari na wa trela wanakiruhusu, kwa kuwa si fremu zote zimeundwa kukibeba.

Utaratibu wangu ni huu. Acha mifuko ikiwa na upepo wake wa chini kabisa. Andika kimo cha madigadi ya mbele bila trela, kisha funga trela bila vyuma na uandike kimo kipya. Tuseme kilikuwa sentimita 54 kikawa 56. Kaza vyuma mpaka kimo kirudi kwa sehemu ambayo kitabu cha gari kinaagiza, kwani wengine hutaka kirudi chote na wengine nusu tu. Kamwe usikaze mpaka mbele ishuke chini ya kimo cha awali, kwa sababu hapo ekseli ya nyuma imeanza kukosa uzito, na gari linaweza kuteleza mkia kwenye kona yenye maji. Baada ya hapo ongeza upepo kidogo kwenye mifuko ikiwa nyuma bado iko chini, na upime mbele kwa mara nyingine, maana kuinyanyua nyuma hulegeza mkazo wa vyuma. Thibitisha yote kwenye mizani.

Kuhusu matairi makubwa

Wengi husawazisha gari ili waweke matairi makubwa, na hapo ndipo uwezo wa kuvuta hupotea kimyakimya. Kutoka 265/70R17 kwenda 285/70R17, kipenyo hupanda kutoka takriban milimita 803 hadi 831, yaani asilimia 3.5. Gia zote zimepoteza nguvu ya kuvuta kwa takriban kiasi hicho, injini inavuta kwa shida zaidi mlimani, breki zina kazi zaidi, na spidomita inaonyesha mwendo mdogo kuliko halisi. Ukiamua kuyaweka, angalia namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni isiwe chini ya ile ya matairi ya awali.

Safari ya kwanza

Anza na trela tupu kwenye barabara isiyo na magari mengi. Funga breki polepole, kisha kwa nguvu zaidi, na usikilize kama gari linavuta upande mmoja. Ongeza mwendo hatua kwa hatua. Trela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kuuzungusha, na utumie breki ya trela peke yake kama unayo. Rudi nyumbani, kagua bolti zote ulizozifungua, na uzikague tena baada ya kilomita mia chache, pamoja na nati za magurudumu. Pima kimo cha kona nne wakati huo huo, kwa sababu springi mpya hushuka kidogo zikizoea kazi, na kama mbele imeshuka kwa zaidi ya nusu sentimita, pembe za magurudumu zinahitaji kupimwa upya.